MAJI YALIYOFICHIKA NDANI YA CHAKULA NA MAUA



Mama arudipo kutoka mtoni na debe la maji mgongoni, hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba maji yana uzito. Mgongo wake umekwisha kumwambia. Debe moja huchukua lita 20 hivi, nazo hutumika siku hiyo hiyo kwa kunywa, kupika na kunawa. Lakini jioni, watu wa nyumbani wanapokaa kula ugali, yamo maji mengine ndani ya sahani ambayo hapana aliyeyabeba wala kuyaona. Ni maji yaliyotumika shambani tangu siku mbegu ilipotiwa ardhini hata siku mahindi yalipovunjwa. Habari za leo ni habari za maji hayo, na za mtu mmoja aliyetumia maisha yake kuyahesabu.

Mtu huyo ni Profesa Arjen Hoekstra. Alizaliwa mwaka 1967 katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, akajifunza uhandisi katika chuo kikuu cha mji huo huo, na baadaye akawa profesa wa mambo ya maji katika Chuo Kikuu cha Twente, mjini Enschede. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 2019, naye alikuwa na umri wa miaka 52 tu. Waholanzi ni mabingwa wa maji tangu zamani, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi yao iko chini kuliko bahari, nao hukaa salama kwa sababu ya kuta za udongo, mifereji na mapampu. Kwa desturi mhandisi wa kule hufundishwa namna ya kuyazuia maji yasiingie. Hoekstra aliuliza swali jingine: Je, maji huenda wapi yanapoondoka shambani ndani ya gunia?

Swali hilo lilikuwa limekwisha guswa na mtu mwingine, Profesa Tony Allan wa London, mtaalamu wa elimu ya jiografia. Katika miaka ya 1990 Allan alikuwa akizichunguza nchi za Mashariki ya Kati. Wengi walikuwa wakitabiri kwamba nchi hizo, ambazo watu wake huongezeka na mito yake ni michache, zitapigana vita kwa ajili ya maji. Allan alionyesha kwamba zilikuwa zimekwisha pata njia nyingine, nayo ni kununua nafaka. Kulima tani moja ya ngano huhitaji maji tani 1,000 au zaidi. Basi nchi inunuapo tani moja ya ngano, imeepukana na kazi ya kutafuta maji hayo tani 1,000. Alieleza kwamba maji yaliyokuwa yakiingia Mashariki ya Kati kila mwaka, yakiwa yamefichika ndani ya nafaka, yalikuwa mengi sawa na yale ambayo Mto Nile huyapeleka katika mashamba ya Misri. Ni mto mzima usioonekana, unaosafiri kwa meli. Kwa kazi hiyo Allan alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2008.

HESABU YA GUNIA MOJA

Allan alilitoa wazo, na Hoekstra akalitia katika hesabu. Mwaka 2002 alitoa kipimo alichokiita nyayo za maji. Kama vile mtu apitapo katika udongo mbichi huacha nyayo zinazoonyesha alikopita, ndivyo kila kitu kinacholiwa, kinachovaliwa au kinachouzwa kinavyoacha alama katika maji ya mahali kilipotengenezwa. Hoekstra na wenzake walikusanya habari za mvua, udongo, mazao na biashara za nchi nyingi za dunia, wakapiga hesabu kwa kila zao.

Haya ni baadhi ya majibu yao, yakiwa wastani wa dunia nzima. Kilo moja ya mahindi huhitaji maji lita 1,222. Kilo ya ngano huhitaji lita 1,827. Kilo ya viazi ni lita 287 tu. Kilo ya nyama ya ng'ombe ni lita 15,400, maana hesabu yake ni pamoja na maji ya majani na chakula chote alichokula ng'ombe katika maisha yake.

Tarakimu kama hizi hupita masikioni upesi, basi afadhali zipimwe kwa debe. Gunia la mahindi la kilo 90, kwa wastani huo, limekunywa maji lita 110,000 kwa jumla. Hayo ni madebe 5,500. Kilo moja ya nyama ni madebe 770. Wastani wa maji anayoyatumia mtu mmoja wa dunia kwa chakula chake, mavazi yake na vitu vyake vyote ni karibu madebe 190 kila siku. Hapana mgongo uwezao kubeba mzigo huo. Anayeubeba ni ardhi, pamoja na mvua na mito.

Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2012, Hoekstra na mwenzake Mesfin Mekonnen walionyesha kwamba katika kila sehemu 100 za maji yanayotumiwa na wanadamu, sehemu 92 huenda katika kilimo. Walionyesha pia kwamba karibu sehemu moja katika tano ya maji hayo yote hutumika kwa vitu vinavyouzwa katika nchi nyingine. Katika nchi kadhaa za Ulaya, kama Italia, Ujerumani, Uingereza na Uholanzi yenyewe, maji mengi yanayotumika kwa mahitaji ya wenyeji hutoka nje ya mipaka yao. Mwingereza anywapo chai yake kando ya moto, anakunywa pia mvua ya mlima ambao hajapata kuuona.

RANGI TATU ZA MAJI

Hapa mwenye akili atauliza: Je, mvua inayonyesha Kericho juu ya majani ya chai ni sawa na maji yanayovutwa kwa pampu kutoka ziwani wakati wa kiangazi? Swali hilo ni la haki, na Profesa Hoekstra alilijibu kwa kuyagawa maji katika rangi tatu.

Maji ya kijani ni mvua ambayo hukaa katika udongo na kunywewa na mimea. Maji ya buluu ni yale ya mito, maziwa na visima, ambayo mtu huyavuta na kuyapeleka shambani. Maji ya kijivu si maji yaliyonywewa na mmea, bali ni kipimo cha uchafu: ni kiasi cha maji safi kinachohitajika kuizimua mbolea au dawa iliyotiririka kutoka shambani, hata mto urudie kuwa salama.

Mgawanyo huo ni wa maana sana. Mvua isiyotumiwa na chai ya Kericho haiwezi kufungwa katika chupa na kupelekwa Garissa. Ingalitumiwa na nyasi au miti papo hapo. Lakini lita moja ya maji ya buluu, ikivutwa kutoka mtoni mwezi wa Februari, ni lita ambayo mtu wa chini hataipata, wala ng'ombe wake, wala samaki. Kwa hiyo haifai kusema tu kwamba zao fulani linatumia maji mengi. Yapasa kuuliza: ni maji ya rangi gani, kutoka wapi, na katika mwezi gani wa mwaka? Mwaka 2016 Hoekstra na Mekonnen walipiga hesabu hiyo mwezi kwa mwezi, wakaona kwamba watu milioni 4,000 huishi mahali penye upungufu mkubwa wa maji walau mwezi mmoja katika kila mwaka. Wastani wa mwaka ulikuwa umeificha miezi ya shida.

UA LA NAIVASHA

Hesabu hizi zilifika mpaka Kenya. Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, kaskazini-magharibi ya Nairobi. Maji yake ni matamu ingawa hapana mto unaoonekana kutoka humo. Maji hupenya chini kwa chini. Mto mkubwa unaoliingia ni Malewa, ambao maji yake hutoka katika milima ya Nyandarua na nchi ya Kinangop. Kando ya ziwa hilo yako mashamba ya maua ambayo hukatwa, hupakiwa katika ndege, na kuuzwa Ulaya.

Hoekstra, Mekonnen na mwenzao Robert Becht walilichunguza jambo hilo, na maandishi yao yalitokea mwaka 2012. Waliona kwamba ua moja la waridi huhitaji maji kati ya lita 7 na 13. Kwa ua moja si kitu kikubwa. Ni nusu ya debe hivi. Lakini maua yaliyouzwa nje kutoka bonde la Naivasha kati ya miaka 1996 na 2005 yalichukua, kwa wastani, mita za ujazo milioni 16 za maji kila mwaka. Hayo ni madebe milioni 800. Katika kila sehemu 100 za maji hayo, 22 zilikuwa za kijani, 45 za buluu, na 33 za kijivu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukiondoa kilichomo kibabani vile vile.

Ni rahisi mtu kusikia hayo akakasirika, akasema mashamba hayo yafungwe. Lakini wataalamu hao hawakusema hivyo, kwa sababu waliandika pia upande wa pili wa daftari. Katika miaka hiyo maua yaliiletea Kenya fedha za kigeni dola milioni 141 kila mwaka kwa wastani, yaani kama sehemu 7 katika kila 100 za thamani ya vitu vyote vilivyouzwa nje. Na katika mwaka 2005 peke yake zilifika kama dola milioni 352. Maelfu ya watu walipata mshahara, na shule na hospitali zilijengwa. Msichana anayefunga maua katika vifungu ana mama yake kijijini anayengoja fedha mwisho wa mwezi. Huyo naye anaishi kwa maji ya ziwa.

NANI MWENYE KOSA?

Mvuvi wa Naivasha aonapo maji yakirudi nyuma na ziwa likigeuka rangi, hulaumu mashamba makubwa. Wenye mashamba makubwa nao hutazama juu mlimani, wakasema udongo na mbolea hutoka kwa wakulima wadogo. Na mkulima wa mlimani, akiinama juu ya viazi na kabichi zake, hushangaa kuambiwa kwamba ana kesi na ziwa ambalo huenda hajapata kulifikia.

Uchunguzi ule ulitoa hukumu isiyompendeza mtu yeyote, na kwa hiyo labda ni ya haki. Ulisema kwamba kupungua kwa maji ya ziwa kulitokana hasa na mashamba makubwa yaliyo kando yake. Lakini katika habari ya mbolea iliyochafua maji, wote wawili walikuwa na sehemu yao, mashamba makubwa ya chini na mashamba madogo ya juu. Mbolea ifikapo ziwani hulisha magugu-maji, nayo magugu hufunga njia ya mitumbwi na kunasa nyavu. Mkulima aliyeinunua kwa taabu amepata hasara, na mvuvi aliye mbali naye amepata hasara ya pili.

Lakini yuko mtu wa nne ambaye hakuitwa barazani: mnunuzi wa maua aliye ng'ambo. Yeye hulipa bei ya ua, ya ndege, ya karatasi na ya duka, lakini bei ya maji haimo katika hesabu yake. Wataalamu hao walisema kwamba ingefaa maji yalipiwe bei yake kamili pale pale bondeni, ila hawakutumaini kwamba hilo litatendeka upesi. Basi walishauri jambo jingine: wakulima, wafanya biashara na wenye maduka wapatane, na nyongeza ndogo iwekwe juu ya bei ya kila ua huko linakouzwa. Nyongeza hiyo irudishwe bondeni, isaidie kutengeneza mashamba yasipoteze maji, na iwasaidie wakulima wadogo wa mlimani kuutunza udongo wao. Kwa maneno mengine, yule anayefurahia ua alipe sehemu ya gharama ya ziwa.

Wazo kama hilo lilikuwa limeanza kujaribiwa bondeni kwa kadiri ndogo. Vyama vya WWF na CARE viliwaunganisha watumiaji maji wa chini, kwa njia ya chama chao, na wakulima wa Turasha na Wanjohi walio juu. Mkulima aliyechimba matuta, akapanda majani kuvuka mteremko, au akapanda miti, alipewa hati ya kununulia vitu vya shamba. Faida yake ilikuwa maradufu: udongo wake ulibaki kwake, nayo majani akawapa ng'ombe. Watu waliokuwa wakilaumiana tokea mbali wakapata sababu ya kukaa pamoja.

MANENO YA WAPINZANI

Si haki kuficha kwamba wako wataalamu waliozipinga hesabu za Hoekstra. Walisema maji ni kitu kimoja tu katika vingi. Mkulima huchagua zao kwa kutazama bei, ardhi, kazi na njia ya kufika sokoni, wala hawezi kuacha chai eti kwa kuwa viazi huhitaji maji machache. Walisema tena kwamba nchi maskini ikiambiwa isiuze mazao kwa ajili ya maji, itapata wapi fedha za kununulia dawa na mashine? Na nchi yenye ukame ikitegemea nafaka ya wengine, itakula nini siku bei itakapopanda au meli zitakapozuiliwa?

Maneno hayo yana uzito. Lakini hayabatilishi hesabu. Yanaonyesha tu kazi yake. Kibaba hakimwambii mama apike nini. Humwambia kimebaki kiasi gani. Kenya hununua ngano nyingi na mchele mwingi kutoka nje, na huuza chai, kahawa na maua. Katika biashara hiyo maji yasiyoonekana huingia na kutoka kila siku. Kosa si kuyauza wala kuyanunua. Kosa ni kufanya hivyo bila kujua.

Ziwa lenyewe limefundisha kwamba hesabu za jana hazitoshi kwa leo. Katika ukame wa mwaka 2009 lilirudi nyuma sana, na watu waliogopa litakauka. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 2020, lilifurika kwa mvua nyingi hata maji yakaingia katika nyumba za watu wa Kihoto, nao wakahama. Mtu aweza kusema, "Mwaona? Maji yapo tele." Huo ni udanganyifu. Mlima usioshikwa na miti na majani huyaachia maji yote kwa mara moja wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hauna la kutoa. Na mbolea iliyomo katika maji ya mafuriko ni mbolea ile ile.

KAZI YA KILA MTU

Basi mtu wa kawaida afanye nini? Mkulima mwenye mteremko achimbe matuta ya fanya juu na apande majani ya nepia kingoni mwake, na mbolea aitie kwa kipimo, karibu na shina, wala si kabla ya mvua kubwa. Mwenye bati juu ya nyumba aweke mfereji na tangi, maana maji ya paa ni ya bure. Mwenye shamba kubwa aipe mimea maji kwa matone badala ya kuyarusha hewani, naye akusanye mvua inayoanguka juu ya nyumba zake za plastiki, kama wengine wanavyofanya. Na kila mtu aliye karibu na mto afike katika mkutano wa chama cha watumiaji maji cha mahali pake. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilivipa vyama hivyo nafasi, na ile ya mwaka 2016 ikavihifadhi. Asiyefika huamuliwa na waliofika.

Na mkaaji wa mjini asidhani kwamba habari hii haimhusu. Chakula anachokitupa kimetupwa pamoja na maji yake. Kilo moja ya unga wa mahindi ikiharibika kabatini, zaidi ya madebe 60 yamekwenda bure.

Profesa Hoekstra hakuongeza hata tone moja la maji duniani. Alifanya jambo dogo kuliko hilo: aliwaonyesha watu maji yaliyokuwa mbele ya macho yao, ndani ya gunia, ndani ya kikombe, na katika ua lililofungwa kwa karatasi nzuri. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Heri basi kuyahesabu yangali chunguni.